Mlevi wa Jumapili Saa Kumi na Moja

Je, kaka yangu aliuchagua wakati ule makusudi, kipindi kikiendelea na sisi tukiwa tumekwisha kulegea kwa kicheko, ili tukimcheka aweze kusema kwamba alikuwa akitania? Au maneno yale yalimtoka tu, kama kikohozi? Sijapata kumuuliza, na nashuku hata yeye hana jibu.

Jumapili zetu zina utaratibu wake. Mimi hutoka Njoro, nilikosomea chuo kikuu na ninakofanya kazi ya maktaba hadi leo, nikafika kwa mama Nakuru wakati wa chakula cha mchana. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea mabomba ya mvuke huko Naivasha, huwa amekwisha kufika tangu Jumamosi. Saa kumi na moja jioni mama huwasha runinga, nasi watatu tunaketi kutazama kipindi cha vichekesho ambacho tumekifuata kwa miaka mingi kiasi kwamba waigizaji wake wamezeeka pamoja nasi.

Mtu wetu katika kipindi hicho ni mlevi wa mtaa. Huingia nyumbani mwake, akavua kofia na kuitundika kwenye msumari ambao haupo. Kofia huanguka, na kicheko kilichorekodiwa huporomoka juu yake. Kisha huweka kiganja kifuani na kuapa: “Kuanzia kesho, siigusi tena.” Mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga anazochambua, humuuliza: “Kesho ya mwaka gani?” Naye hujibu kwa unyonge: “Mwaka huuhuu, mama.” Tumeyasikia maneno hayo mara zisizohesabika, na kila mara tunacheka.

Sitajifanya kwamba nilikuwa juu ya kicheko hicho. Nilimpenda yule mlevi, na bado nampenda. Hatapiki. Hamwinulii mtu mkono. Asubuhi yake haionyeshwi kamwe. Mara moja tu waandishi waliamua kuwa wazito: wakamlaza hospitalini, wakaondoa kicheko, wakaweka kinanda cha polepole, akaja mchungaji, mlevi akalia, wote wakakumbatiana. Wiki iliyofuata kofia ikaanguka kama kawaida, wala hakuna aliyetaja hospitali. Nilikasirika, nikaanza kueleza jinsi jambo kubwa kama uraibu lisivyoweza kufungwa kwa nusu saa. Kaka yangu alinisikiliza akiwa na kikombe cha chai mkononi.

“Profesa,” akasema, maana ndivyo anavyoniita anapotaka kunichokoza, “huyu akiacha pombe, kipindi si kimeisha? Hawa watu watakula wapi?”

Nilimwambia hiyo ni hoja ya kipuuzi. Miezi ikapita kabla sijatambua kwamba aliona nisichokiona. Kichekesho cha namna ile kinamtaka mtu awe Jumapili hii vilevile alivyokuwa Jumapili iliyopita, na pombe nayo inamtaka hivyohivyo. Katika jambo hilo moja kipindi kilisema kweli, pengine bila kukusudia.

Kaka yangu naye hunywa. Nyumbani hatukuwa tumelisema hivyo waziwazi, tulimtengenezea vipindi. Kiko kile cha mahafali yangu, alipofika Njoro akiwa amevaa koti ndani-nje, akampigia makofi kila mhitimu hadi askari wa chuo akamwomba apumzike. Mama hukisimulia vizuri sana, na kaka yangu humsaidia kwa kuonyesha yale makofi. Kinachoachwa nje ni kwamba jioni ile alilala sakafuni chumbani mwangu, akaniomba msamaha mara nyingi mno, na mikono yake haikuweza kufungua kizibo cha chupa ya maji. Mimi nilikuwako. Mimi pia ndiye niliyeacha sehemu hiyo ipotee, kwa kuwa nilikuwa na furaha yangu siku ile na sikutaka kuigawa.

Zaidi ya yote, alimwigiza mlevi wa runinga vizuri kuliko mlevi mwenyewe. Kofia, msumari, kiganja kifuani. Mama alikuwa mke, na aliijua sehemu yake.

Jumapili ninayoisema, mlevi alikuwa ndiyo kwanza ameangusha kofia. Kaka yangu, macho yakiwa kwenye runinga, akasema: “Mimi nataka kuacha. Lakini peke yangu siwezi.”

Tukacheka. Mama alicheka hadi akashika ubavu, kisha akamtupia maneno yake: “Kesho ya mwaka gani, baba?” Humwita baba kwa sababu amepewa jina la babu yetu.

Kaka yangu akamtazama. Akainua kiganja polepole, akakiweka kifuani. “Mwaka huuhuu, mama,” akasema, nasi tukacheka tena, ingawa mimi kicheko changu kilikatika njiani. Hakukuwa na kosa lolote katika uigizaji wake, ila hakuwa ameiangusha kofia kwanza. Akainuka, akasema anakwenda kufungia kuku.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima.

“Wametimia?” nikauliza.

“Mmoja amekataa kuingia. Kama mimi siku ya Ijumaa.”

Alingoja nicheke. Sikucheka, na sikujua kwamba kutocheka ni kazi ngumu kiasi kile.

“Pale ndani ulikuwa unasema kweli?”

“Pale wapi?”

“Usinifanyie hivyo, bwana.”

Akafunga mlango wa banda, kuku yule mmoja akiwa bado nje. “Hata mimi sikujua ni kweli, mpaka nikaona mmecheka.” Akamtazama yule kuku. “Mwezi uliopita nilijaribu. Siku mbili. Nikatoka jasho kama mtu wa malaria. Halafu nikaona siafu ukutani, wengi. Nikaita jirani aje na mafuta ya taa. Akaniangalia tu. Hakukuwa na siafu.”

“Ukafanya nini?”

“Nikanywa. Siafu wakaenda zao.”

Alilisema vizuri, kama anavyosema kila kitu. Ningeweza kulibeba mezani likawa kipindi kingine. Badala yake nikamwambia kwamba mtu anaweza kufa kwa kuacha ghafla bila daktari, na kwamba sitaki afe.

“Kesho asubuhi tunaenda hospitali. Kuna kliniki ya mambo hayo.”

“Kesho niko kazi.”

“Utapiga simu useme unaumwa.”

“Wakiuliza naumwa nini?”

“Sema bado hujapimwa. Si uwongo.”

Akapangusa mikono kwenye suruali. “Na mathe?”

“Mathe niachie mimi.”

Mama alikuwa jikoni, runinga ikizungumza peke yake sebuleni. Nilipomweleza alizima jiko, ingawa mboga hazikuwa tayari.

“Nilifikiri anacheza,” akasema.

“Mimi pia.”

“Lakini mimi ndiye niliyemjibu.” Akakaa juu ya kibao. “Sasa nitamwambia nini? Mimi sijui kuongea naye vingine.”

Sikuwa na la kumfundisha. Shahada yangu haikunipa maneno hayo, na kipindi hakikutupa mazoezi yake. Nilimwambia tutajifunza, nikihisi jinsi jibu hilo lilivyo jepesi. Nililala palepale kwa mama.

Asubuhi alimpigia pasi kaka yangu shati, akamwekea chai na mayai mawili, akaketi mkabala naye bila kusema kitu. Kimya kile kilikuwa kigeni kwetu sote, nao hawakukikimbia. Mlangoni alimnyoosha kola, akasema tu, “Enda, baba.”

Hospitalini mwanamke wa mapokezi aliuliza nani anayetaka kuonwa. Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni, nzuri na ya heshima. Nikaimeza.

“Ni mimi,” akasema kaka yangu.

“Shida gani, boss?”

“Pombe.”

Aliandika bila kuinua kichwa, akatuonyesha benchi. Watu watatu walikuwa mbele yetu. Baada ya kungoja kwa saa tatu mlango ulifunguliwa, muuguzi akaita jina lake kamili, naye akainuka, akaingia.