Jina Alilolitaja Muuguzi

Muuguzi wa zahanati ile hakupiga simu ya setilaiti akiwa wodini hata siku moja. Alijua simu hiyo huweza kumfichua mpigaji alipo kwa mwenye mitambo ya kumnasa, basi huiviringisha kwenye taulo, akatembea nusu saa hadi machimbo ya kokoto, akaongea harakaharaka huku kiganja kimeziba mdomo. Simuni wagonjwa wake aliwaita kwa namba za vitanda, si kwa majina. Asubuhi ile kitanda cha nne kilikuwa na msichana mwenye risasi begani, na waliompiga walikuwa bado wanamsaka.

“Ndege ipo, dada,” daktari wa mjini akamwambia simuni, “ila rubani hapakii mtu asiye na jina.”

“Daktari, huenda hatuko wawili kwenye laini hii.”

“Najua. Nisaidie tu.”

Muuguzi akageuka kutazama njia aliyojia. Kisha akataja jina, herufi moja moja, bila kubabaika. Lilikuwa lake mwenyewe. Saa nane ndege ikamchukua msichana kwa jina hilo, na muuguzi akarudi kwenye foleni ya wagonjwa, akishtuka kila mlango ulipogongwa.