Kabla Hujasifu Soko, Fika Mwisho wa Mfereji

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyosahau kula pale Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga. Nilikuwa binti mbichi, nimetoka kwetu Tosamaganga kuja kumsaidia shangazi yangu kuuza mpunga. Biashara ya nafaka ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Zamani mpunga ulikuwa na mnunuzi mmoja na bei moja. Sasa mtu alimuuzia amtakaye. Asubuhi nilikwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga nikakuta malori, hili la Mbeya, lile la Iringa, jingine la Dar es Salaam. Wenye mpunga Wasangu, wapakiaji Wanyakyusa, mwenye mashine Mhindi wa mjini, mama ntilie Mbena. Hakuna aliyewapigia kengele, wala aliyewapanga. Lakini jioni kila gunia lilikuwa limepata pa kwenda, kwa bei waliyokubaliana watu ambao asubuhi hawakujuana hata majina. Nilisimama pale mwili unanisisimka, kama siku ya kwanza nilipoingia kanisa kubwa la misheni kwetu. Nilijiuliza, nani anayajua haya yote? Shangazi alinitafuta mpaka akachoka.

Usiku huo nikageuka mhubiri. Unajua tena ujana, ukiona jambo moja unadhani umeyaona yote. Nilimwambia kila aliyepita kwamba soko halikosei, liachwe lipange kila kitu, hata maji. Mzee Lugano, jirani yetu aliyesimamia zamu za maji mashambani, alikuwa anakula ugali wake. Akanawa, akanitazama.

"Binti, umesema hata maji?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Kesho tutatembea mimi na wewe."

Tulianzia kwenye banio, pale mto unapozuiwa maji yaingie mferejini. Majaruba ya mpunga ya juu yalikuwa yamejaa, vyura wanaimba. Tukashuka, tukashuka, na kadiri tulivyoshuka maji yalipungua, mpaka tukafika mwisho kabisa ambako udongo ulikuwa umepasuka. Mama mmoja mjane alikuwa amekaa ukingoni, miche yake imekuwa ya njano. Alitusalimu, "Kamwene," kwa adabu zote, halafu akaendelea kuitazama ile miche. Mwaka huo zamu zilikuwa zimevurugika, kila mtu anajifungulia apendavyo.

"Wale wa juu si wezi," Mzee Lugano aliniambia. "Kila mmoja kafanya hesabu za shamba lake, na hajakosea. Sasa mbona huyu mama kakaukiwa?"

Nikatazama kandambili zangu.

"Soko ulilosifu jana nalipenda kuliko wewe, ndilo linalonilisha. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ukipenda kitu, fika mpaka mwisho wake."

Jioni hiyo aliwakusanya watu wa juu na wa chini, wakabishana mpaka sauti zikakauka, na zamu zikarudi. Hilo nalo lilinishangaza, mwanangu, na pengine kuliko malori.

Sasa nikulete kwenye haya ya leo. Mjukuu wangu Tumaini anafanya kazi mashineni hapo hapo, na mama yake ni mgonjwa, hawezi kumwacha akaishi bwenini mjini. Anataka shahada ya uchumi, na anataka chuo cha mtandaoni kinachofundisha kwa jicho la soko huria. "Bibi, nataka walimu wasiomwona mfanyabiashara kama mwizi," aliniambia. Nilicheka, maana amenirithi. Baba yake alikubali kuuza mpunga wa ghalani ili amsomeshe, lakini mara moja tu. Akikosea chuo, hakuna ghala jingine.

Vilibaki vyuo viwili. Cha kwanza kilimtumia ujumbe tangu alfajiri: shahada ya haraka, punguzo linaisha leo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilianza kukitilia shaka. Nikamwambia Tumaini aviulize vyote swali moja: maji ya mfereji yakiisha kabla ya kumfikia wa mwisho, soko lenu linasemaje? Hawa wa haraka wakajibu papo hapo kwamba soko huria ni jibu la kila tatizo, na namba ya malipo ni hii.

Chuo cha pili kiliwakaribisha waombaji wasikilize kipindi. Tulikaa nyuma ya ghala mchana, simu imeegemezwa kwenye debe, mimi napepeta mchele. Akatokea mwalimu mzee, nywele nyeupe, yuko nchi ambako ndiyo kwanza kunapambazuka. Tumaini akanitafsiria. Mwalimu aliuliza: nani kati yenu anajua mji wake unalishwaje kila siku, na nani anayepanga? Kisha akasema hakuna mtu mmoja anayejua yote, na kwamba yeye bado anashangaa. Nikaweka ungo chini. Lilikuwa swali langu la Ubaruku, linatoka upande wa pili wa dunia.

Tumaini akauliza la mfereji. Yule mzee akavua miwani.

"Hilo linatugawa hata sisi," alisema. "Wapo wenzangu wanaotaka maji yapimwe yauzwe. Wapo waliokwenda kwenye mifereji kama yenu, wakakuta watu wanajipangia zamu wenyewe. Mtawasoma wote, na mtabishana nami. Ninyi mnagawaje?"

Tumaini akanigeukia. "Bibi, anauliza sisi tunagawaje."

Mzee Lugano amelala kaburini karibu na lile banio, na hakuwahi kupanda ndege. Siku hiyo nililitaja jina lake ndani ya simu, nikieleza zamu zake, huku yule mwalimu anaandika. Nililia, sioni haya kusema.

Basi mwanangu, ukitafuta shahada ya mtandaoni, kwanza waulize wenye mamlaka ya vyuo hapa nchini kama cheti hicho kinatambuliwa. Tumaini alifanya hivyo kwa chuo cha pili, kabla gunia halijatoka ghalani. Mtafute aliyesoma huko, akueleze alipofikia. Omba kusikiliza somo kabla ya kulipa. Ukipenda mtazamo wa soko huria, uupende, hata mimi naupenda. Lakini mwalimu anayejibu kila kitu kwa neno moja, hata kama neno hilo unalipenda, mkimbie. Mshike yule anayekipenda anachofundisha na bado yuko tayari kutembea nawe mpaka mwisho wa mfereji.

Mungu akufungulie elimu ikufikie hata ukiwa wa mwisho. Na siku akikuweka kwenye banio, akukumbushe walio chini.