Usiifunge Blogu Yako, Zaina

Siku ile naikumbuka, mwanangu Zaina, kwa harufu ya ndizi zilizooza. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Kasongo, na mkuu wa shule alikuwa amenikabidhi ubao uliotundikwa kwenye ukuta unaotazama barabara ya soko. Kila juma niliandika hapo habari nilizokwisha kuzihakikisha: hali ya njia, siku ya chanjo, mambo ya soko. Watu walisoma, na asiyejua kusoma alisomewa.

Ukafika wakati wa mitihani. Karatasi zikajaa mezani, nikajiambia sina nafasi, nikauacha ubao mtupu. Ndipo ulipozuka uvumi kwamba daraja la njia ya Kabambare limevunjika. Shangazi yangu, aliyekuwa akiuza ndizi, akaahirisha safari yake, akangoja, mzigo ukamwozea uani. Asubuhi moja alikuja, nguo zake zikinuka ndizi hizo, akasimama mlangoni pa darasa, wanafunzi wangu wakimtazama.

"Weye mwalimu, ile daraja ulipita lini?"

"Jumatatu, shangazi, nilipoenda kuchukua karatasi za mitihani."

"Iko nzima ao imevunjika?"

"Iko nzima."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na kazi mingi."

"Kazi!" Akawageukia wanafunzi. "Mumusikie huyu! Miye niko na soko, niko na shamba, niko na watoto. Basi ile majani ya muhogo, sombe ya kwangu, inajitwanga yenyewe?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilitazama chini. Naye akaendelea, sasa kwa sauti ya chini: "Natwanga kidogo. Muteja akikuja, naacha. Akienda, narudi kwa kinu. Magharibi watoto wanakula. Ningengoja nafasi ya kutwanga yote mara moja, wangelala na njaa."

Kabla ya kengele ya mapumziko niliandika ubaoni: *Daraja ni zima. Nimelivuka mwenyewe.* Kesho yake mizigo iliondoka kwenda Kabambare. Tangu hapo, hadi nilipostaafu, ubao ule haukubaki mtupu tena.

Jumapili uliniambia kwa simu kutoka Salamabila kwamba utaifunga blogu yako, kwa kuwa kazi ya uuguzi inakumaliza. Sikukujibu papo hapo, maana neno la hasira ni kama mshale: likitoka halirudi. Leo nakujibu. Nimeambiwa kwamba kina mama wa Lusangi wanageuza njiani na watoto mgongoni, kwa sababu mwenye pikipiki mmoja amewaeleza kuwa chanjo zimekwisha kwenye kituo chenu cha afya. Je, zimekwisha? Mimi sijui, na huyo mwenye pikipiki hajui. Wewe unajua, kwa sababu wewe ndiye unayefungua sanduku la baridi kila asubuhi.

Wako wanaosema lisemwalo lipo. Methali hiyo siikubali hata kidogo. Nimeishi miaka mingi, nami nimeona mengi yakisemwa ambayo hayakuwapo kamwe, na watu wakayalipia. Anayejua akinyamaza, asiyejua ndiye anayehubiri.

Kwa hiyo, mwanangu, usingoje siku isiyo na kazi. Siku hiyo haitakuja, na ikija utalala. Bandu bandu huisha gogo. Vyombo vya tiba vinapochemshwa, andika sentensi mbili. Unapongoja pikipiki, ongeza ya tatu. Uzihifadhi katika simu, na mtandao ukipatikana, uzitume. Mgonjwa akiita, acha; akitulia, rudi kwa kinu chako. Andika uliloliona. Ulilolisikia, liulizie kwanza, na usipopata uhakika, liache. Siri za wagonjwa zibaki kifuani mwako, hata kama habari itapungua utamu. Tena usione haya kwa ufupi: maneno yangu ya ubaoni hayakujaza hata mstari mmoja wa barua, lakini yalifungua njia.

Anza leo, na la chanjo. Ziwe zipo au hazipo, mama aliye njiani anastahili kulijua kabla hajageuza.

Mungu aipe mikono yako nguvu ya kazi zote mbili, akulinde na uvivu unaojiita uchovu, na kila mtoto atakayefika mlangoni kwako kwa sababu uliandika, awe dua juu ya kichwa chako. Amina.