Kelvo ya Mwalimu Robi

Hezron alikuwa akiuza kompyuta Musoma mjini wakati Barabara ya Mukendo haina duka jingine la namna hiyo. Baba yake alikuwa mfugaji wa Mugeta, na yeye ndiye wa kwanza kwao kuacha ng'ombe akaenda chuo kusomea ufundi wa kompyuta. Alipofungua duka aliamua kuuza aina moja tu, Sorana. Alikuwa na sababu zake. Sorana ilikuwa na mwili wa chuma, bawaba zake hazikulegea, na vumbi la huku lilikuwa haliisumbui. Siku moja aliidondosha sakafuni makusudi mbele ya karani wa mahakama, akaiokota, akaiwasha. Karani alicheka, akainunua.

Kisha akaja Gody, kijana wa Manyamanyama, Bunda, mwenye mashati yaliyopigwa pasi na sauti ya upole. Alifungua duka upande wa pili wa barabara, akapaka mlango rangi ya chungwa, akaanza kuuza Kelvo. Kelvo ilikuwa nyepesi, ya plastiki, na Hezron alipoishika mara ya kwanza alisema haitamaliza masika mawili. Lakini ilienea. Ukiingia ofisi ya kata unaikuta, ukiingia steshenari unaikuta. Hata kwaya ya kanisani kwake, ambako Hezron aliimba besi, ilipotafuta kompyuta ya kurekodia nyimbo ilinunua Kelvo, na kila mazoezi alilazimika kuimba huku ile nembo ya Kelvo ya rangi ya chungwa inamtazama usoni.

Kutoka kwenye meza yake aliweza kuona mlango wa Gody. Alijifunza kuwatambua watu kwa migongo: yule ni bwana shamba, yule ni sista wa zahanati, yule alikuwa mteja wangu. Kuna siku aligeuza kiti akakaa ameelekea ukutani. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekirudisha kilivyokuwa.

"Ni jina tu," alizoea kumwambia mke wake wakila. "Watu wananunua jina. Mmoja akinunua, na jirani naye anataka."

Mke wake, Robi, alikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Buhare. Hakuwa mtu wa kubishana kwa sauti. "Na jina lenyewe linatoka wapi, Baba Gloria?" aliuliza.

"Linatoka kwenye matangazo."

"Mimi tangazo la Kelvo sijawahi kulisikia hata redioni."

Hezron alisogeza bakuli la dagaa, akabadilisha mazungumzo.

Shida yenyewe ilianza pale Sorana ya Robi ilipogoma kuchaji. Hezron aliifungua mwenyewe, akakuta tundu la chaji limevunjika ndani. Ni kitu kidogo kama punje ya mahindi, lakini Sorana ilitumia tundu la kwake peke yake, lisilofanana na la kompyuta nyingine yoyote. Alimpigia wakala wa Dar es Salaam. Wakala akasema mzigo uko njiani. Wiki iliyofuata mzigo ulikuwa bandarini, na iliyofuata ulikuwa njiani tena. Wakati huo shule zilikuwa zinamaliza mitihani, na Robi alikuwa akiazima kompyuta ya mwenzake aingize alama za wanafunzi, akisubiri mwenye nayo aende kunywa chai.

Jioni moja alirudi nyumbani na mfuko wa rangi ya chungwa.

"Mama Gloria, hiyo ni nini?"

"Kompyuta."

"Naona. Ya nani?"

"Yangu. Nimeichukua kwa Gody."

Hezron alikaa. "Mke wangu mimi anakwenda kununua kompyuta kwa Gody, mchana kweupe. Ulipita mbele ya duka langu?"

"Nilipita. Ulikuwa unaongea kwenye simu na wakala wako. Nilikupungia mkono, hukuniona."

Kuanzia siku ile ule wivu wa dukani ulimfuata hadi nyumbani, ukabadilika sura. Simu ya Robi ililia, kwenye kioo yakatokea maneno Fundi Gody, na Robi akatoka uani kutafuta mtandao. Hezron alimsikia akicheka. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho yeye alimchekesha hivyo.

"Huyo anakupigiaga kila siku?" Hezron aliuliza, Robi aliporudi ndani.

"Amepiga kuuliza kama mashine inafanya kazi vizuri. Anapigia kila mtu aliyenunua. Wewe umewahi kumpigia mteja ukamuuliza?"

Hajawahi. Na kwa kuwa hajawahi, alimchukia Gody zaidi.

Alianza kuona mambo. Robi amesuka nywele mtindo mpya. Robi amefua lile gauni lake la bluu. Robi anasema Ijumaa ana semina Butiama, ya walimu wa kuingiza matokeo kwenye kompyuta. Hezron alisema vizuri, akamtakia safari njema. Ijumaa asubuhi, akiwa anafungua duka, alimwona Gody akifunga la kwake na kupakia mabegi kwenye gari. Nyangi, mama aliyekuwa akiuza chai na chapati katikati ya maduka yao, alimimina chai kikombeni bila kuulizwa.

"Huyu anaenda wapi asubuhi hii?" Hezron aliuliza, akijitahidi sauti itoke kawaida.

"Amesema Butiama."

Hezron hakuinywa ile chai. Alishusha mlango wa duka, akapanda pikipiki yake. Njia nzima, mpaka Makutano na kona ya kuingilia Butiama, alikuwa akiongea peke yake ndani ya helmeti. Aliona picha nyingi, na katika kila moja Robi alikuwa amevaa lile gauni la bluu. Alipofika kwenye yale mawe makubwa ya Butiama mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kubana usukani.

Gari la Gody lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa shule. Hezron alisogea dirishani mwa ukumbi. Walimu walikuwa wamejaa, wengine wamesimama, na kwenye meza ya mbele Robi na Gody walikuwa wameinamia kompyuta moja, mabega yao yakigusana.

Aliingia. Mwenyekiti wa semina, Mwalimu Hilda, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimgeukia.

"Karibu, baba. Unatokea shule gani?"

Ukumbi mzima ulimtazama. Robi aliinua uso, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. Hezron hakuweza kusema nimemfuata mke wangu. "Mimi ni Hezron wa Sorana, Musoma," alisema. "Nimesikia mnazungumzia kompyuta."

"Basi umekuja wakati mzuri," Hilda alisema. "Fundi Gody tumemwalika atutazamie mashine zetu, na tulikuwa tunabishana tupendekeze aina gani kwa shule zetu. Wengi wanasema Kelvo kwa sababu ndiyo inayojulikana. Mimi nauliza, kujulikana ndio ubora?"

Lilikuwa swali alilokuwa akilingojea miaka. Alisahau kwa muda kilichomleta, akapanda mbele.

"Walimu, nani ana Kelvo? Inueni mikono." Karibu wote waliinua. "Haya, ambaye haijawahi kumharibikia ashushe." Mikono iliyoshuka ilikuwa michache sana. "Mnaona! Mmenunua kwa sababu jirani amenunua. Kitu kizuri hakiharibiki hivyo."

Watu walicheka, na kicheko kilikuwa upande wake. Kisha akasimama Rafaeli, mwalimu mzee wa hesabu kutoka Bunda.

"Ni kweli zinaharibika," alisema. "Ila sasa waulize, ambaye ya kwake iliharibika ikakosa kutengenezwa." Hakuna aliyejitokeza. "Mimi nina Sorana, Hezron. Wewe ndiye uliyeniuzia, na mpaka leo ni nzima. Lakini naiogopa. Naifunika kitambaa, siruhusu mtu aiguse, maana najua ikifa, imekufa. Mwenye Kelvo hana hofu hiyo."

"Tusidanganyane pia," mwalimu mwingine, Gati, alidakia. "Huduma hiyo ni ya Gody, siyo ya kampuni. Dada yangu yuko Mugumu na Kelvo yake, ina mwezi imelala kabatini. Huko hakuna Gody. Sasa tunasifu kompyuta au tunasifu mtu?"

Ubishi ukawaka, kila kona mtu anasema lake. Ndipo Gody alipoomba kusema, kwa sauti yake ileile ya upole.

"Kompyuta ya kaka Hezron ni ngumu kuliko yangu. Sitasema uongo. Ya kwangu bawaba zinalegea, najua. Ila kwa kuwa ziko nyingi, nikikosa kipuri natafuta mbovu ya mtu, naifungua, nachomoa. Wingi wenyewe ndio stoo yangu."

Watu walimpigia makofi. Robi naye alipiga. Ni yale makofi ya Robi yaliyomvuruga Hezron.

"Na wake za watu?" alisema. "Nao ni stoo yako?"

Mtu mmoja aliguna, akajizuia. Robi alivuta mkoba wake, akatoka nje bila kukimbia, na alipoondoka pale mezani Hezron aliona kompyuta waliyokuwa wameiinamia. Ilikuwa Sorana, imefunguliwa tumbo. Ilikuwa ile ya Robi. Gody alikuwa anajaribu kuiwekea tundu la chaji alilolichonga kutoka kwenye Kelvo mbovu.

Hata hapo, badala ya aibu, kitu cha kwanza kilichompata kilikuwa wivu mwingine: kumbe Gody ametia mikono ndani ya Sorana, na karibu amefaulu pale ambapo yeye alishindwa.

Alimkuta Robi karibu na pikipiki.

"Hezron," alisema. Miaka yote alimwita Baba Gloria. "Umenivua nguo mbele ya walimu wenzangu. Nilimwomba anisaidie ile mashine kwa sababu yako. Nilitaka siku moja uikute mezani inawaka, uache kumbembeleza yule wakala. Wewe umemfuata nani huku, mimi au kompyuta?"

Robi hakurudi nyumbani Buhare. Alipanda gari la Bunda na kwenda kwa dada yake, Grace, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, hakukuwa na kitu cha kumharakisha.

Hezron alifungua duka kama kawaida, lakini hakuuza. Habari zilikuwa zimeshafika mjini. Kwaya ilimsalimia kwa adabu ya ajabu. Mwishowe alivuka barabara, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mlango ule upakwe rangi, akasimama mbele ya wateja wa Gody, kwa sababu tusi lenyewe alilitoa mbele za watu.

"Nilikukosea," alisema. "Na mke wangu nilimkosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, kaka," Gody alisema, akamvutia kiti. Alisema vizuri, bila kinyongo, na hilo nalo lilimchoma Hezron. Laiti angemfokea kidogo.

Kutoka hapo alikwenda Butiama, akamwomba Mwalimu Hilda amkutanishe na walimu wale, akasema yaleyale. Kisha Bunda. Robi alimsikiliza akiwa kibarazani kwa Grace, anachambua mchele.

"Sikwambii uache wivu," alisema baadaye. "Nakujua, hutaweza. Nataka uniambie mimi, usiuseme ukumbini."

"Nitakwambia."

"Na ukiniambia usinune."

Robi alirudi Buhare shule zilipokaribia kufunguliwa. Sorana yake inawaka hadi leo, kwa lile tundu la Kelvo, ingawa kazi za shule anazifanya kwenye Kelvo, na Hezron amezoea kuiona mezani. Dukani alianza kununua Sorana mbovu popote aliposikia ipo, Tarime, Bunda, hata Ukerewe, akazipanga nyuma kwa ajili ya vipuri. Amejifunza kuwapigia wateja simu kuwauliza hali ya mashine. Wengine hudhani kuna tatizo, wanashtuka. Wateja wameongezeka, ingawa si kama wa Gody. Mlango wa chungwa ukifunguliwa na mtu anayemfahamu, bado anasimama kidogo, kikombe mkononi, kumtazama mgongo.

Juzi Gody alileta kadi ya harusi yake, Manyamanyama, familia nzima imealikwa. Robi aliiweka mezani. Hezron aliigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye maandishi ya dhahabu.

"Tutaenda," alisema. "Ila hata kadi ametengeneza nzuri kuliko yetu."

"Umeanza."

"Si ulisema nikwambie wewe?"

Robi alimnyang'anya kadi, akaisimamisha juu ya kabati, akamwambia akatafute koti lake kama bado linamwenea.