Gari Tuliloshusha

Miaka ile ya vita, pale Buyenzi, mtaani kwetu mjini, mimi nilikuwa fundi wa springi. Si wa injini, si wa rangi. Springi na amotisa tu, vitu vinavyobeba uzito wa gari. Mafundi wa injini walitudharau, maana wao walijiona madaktari na sisi watu wa kufunga bandeji. Lakini foleni ya wateja ilikuwa kwangu, na haikuletwa na mashimo ya barabara peke yake.

Ililetwa na bariyeri. Wafanyabiashara waliotoka Gatumba, mpakani, na vitenge na sukari ya Kongo walipita vizuizi njia nzima, na askari wa vizuizini hawakuwa na muda wa kufungua kila buti. Waliangalia matako ya gari. Gari likikaa chini kwa nyuma lina mzigo, na likiwa na mzigo lisogee pembeni likaguliwe. Vita vilipochacha, mzigo katika mawazo yao haukuwa tena sukari, ulikuwa bunduki. Basi watu wakaniletea magari niyanyanyue. Nilipachika vipande vya mti mgumu kati ya mizunguko ya springi, na gari likabeba magunia sita huku limesimama wima utadhani limetoka kuoshwa. Nilijivunia sana kazi hiyo. Nayasema haya mapema, asije mtu akafikiri kwamba sikujua.

Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka minne, alikuwa dereva wa teksi. Gari lake lilikuwa la Kijapani, kuukuu, lenye usukani upande wa kulia, na kwetu magari hupita kulia, kwa hiyo alipotaka kulipita lori hakuona kitu. Ilimbidi amuulize abiria wa mbele, "Kuko mutu anakuja?" Alikuwa na abiria wa kudumu, mama mmoja muuza dagaa, ambaye kaka alimsifu kwamba anajua kuona mbali. Njia yake ilikuwa mjini na Gatumba, kwenda na kurudi. Kwenye njia hiyo magari yalikuwa yakishambuliwa. Wiki hii mnasikia ni lori, wiki ijayo ni teksi ya mtu mnayemjua. Mama yetu aliacha kula mchana. Alikuwa akikaa kizingitini na chakula chake kimefunikwa, hadi aone pua ya gari la mwanawe ikikata kona.

Wakati huo jirani yetu mmoja, muuza vitambaa, alirudi kutoka Dubai na mashine ya michezo ya televisheni. Aliiweka chumba cha mbele, akapanga mabenchi, na umeme ulipokuwepo watu wakajaa. Sisi tuliuita mchezo wenyewe "jeu" tu, kwa Kifaransa, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Ulikuwa mchezo wa mbio za magari. Nami, mwanaume mzima mwenye ndevu na ovaroli iliyojaa grisi, nilikaa pale nikisubiri zamu yangu, na mtu akinicheka nilimwambia akacheke kwao.

Hazikuwa mbio zilizonishika. Kabla ya mbio unaingia gereji, na ndani ya gereji unabadilisha gari unavyotaka: rimu, bomba la moshi, rangi, bawa la nyuma. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma hata moja, tukazipa alama majina kwa sura zake. Kulikuwa na "nyumba yenye mutu ndani" na "mwavuli" na nyingine chafu nisizoziandika. Ya tatu kutoka juu tuliiita "ngazi", na ukiibonyeza zinatokea springi. Siku ya kwanza nilipoziona nilisogea karibu na kioo. Huko Japani kuna mtu aliyefikiri kwamba springi ni jambo la kumfurahisha mtu. Kazi yangu ilikuwa kwenye televisheni, imechorwa vizuri, inang'aa.

Na kule springi hazikuwa za kunyanyua. Zilikuwa za kushusha. Unabonyeza, gari linashuka kidogo, unabonyeza tena linashuka tena, hadi matairi yameingia nusu ndani ya bodi na gari limelala juu ya lami. Linapendeza, kisha linakata kona bila kuyumba. Barabara zenyewe zilipita kando ya maji na katikati ya majumba marefu yenye taa, na hapakuwa na mtu wa kukusimamisha. Kila mara zamu yangu ilipokwisha niliinuka pale nikiwa na hasira na kila kitu cha nje.

Humo ndimo nilimopata wazo. Harusi hazikuacha kufungwa kwa sababu ya vita. Kila Jumamosi kulikuwa na kortege, ule msafara wa magari ya bibi harusi, mchana kweupe, kwenye barabara za lami za mjini, na watu wa harusi walitafuta magari ya kupendeza wayapambe maua. Kaka akipata gari la kupendeza ataacha njia ya Gatumba. Hilo ndilo nililolitaka, na sikutaka kingine: kaka atoke kwenye ile barabara kabla haijamla.

Tulilifanyia kazi gari miezi mingi, kwa vipande. Bawa la nyuma nilimpa mtu wa bati alikate kutoka kwenye mlango wa friji iliyokufa. Bomba la moshi tulilichomelea hadi likanguruma. Rangi ilikuwa buluu yenye mstari mweupe ubavuni, ile ile ya gari nililokuwa nikichagua kwenye mchezo. Kwenye kioo cha nyuma niliandika kwa rangi nyeupe ile alama ya "ngazi", kwa kukumbuka, na nadhani niliiandika vizuri. Zikabaki springi. Kaka alisita.

"We, barabara za huku ziko na mashimo. Hapa si mu jeu."

"Harusi haipite mu mashimo, kaka. Inapita mu lami."

"Na nikibeba watu?"

"Hautabeba tena watu. Utabeba bibi harusi."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha puani, cha mtu anayekupa ruhusa ya kukosea. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata mzunguko mmoja na nusu katika kila springi, mbele na nyuma, kwa mikono yangu hii. Gari lilipotua chini lilikuwa zuri hata mafundi wa injini wakaja kulitazama. Katika watu wote waliolizunguka siku ile, wote wa Buyenzi, wote wenye kuishi kwa kupita bariyeri, hakuna hata mmoja aliyesema neno, na mimi ndiye niliyepaswa kusema kabla ya wote. Nilikuwa nimejaa ule mchezo kichwani, basi.

Jumamosi tano kaka alibeba maharusi. Gatumba aliiacha. Mama alianza kula mchana, na siku moja nilimkuta amelala usingizi saa nane, mdomo wazi. Nakumbuka nilisimama mlangoni nikijipongeza.

Jumamosi ya sita harusi ilikuwa Mutanga Nord. Sherehe ilipokwisha, jua likiwa bado juu, kaka aliombwa awafikishe shangazi watatu wa bibi harusi nyumbani kwao Gasenyi. Hawakuwa wembamba. Walikaa nyuma wote watatu, na njiani walikuta bariyeri ambayo asubuhi haikuwapo. Haya niliyapata kwa mmoja wao, mama mwenye heshima, ambaye kesho yake alikuja kwa miguu hadi Buyenzi kutuambia.

Alisema askari waliwaomba washuke. Wakashuka. Kisha askari wakaliangalia gari, na gari halikupanda. Watu wazito watatu wametoka na bado limelala. Wakasema hapa ndani kuna kitu. Walifungua buti, wakang'oa viti wakavichana, wakabandua milango, wakatoboa sakafu, hawakupata kitu, na kutopata kitu kukawakasirisha zaidi. Wakamuuliza kaka gari limebeba nini. Akasema halikubeba kitu, limeshushwa. Limeshushwa kwa nini? Akasema, "Ni ya mu jeu."

Ndipo mkubwa wao alipomuuliza kwa Kirundi, "Uriko urakina natwe?" Yaani, unacheza na sisi? Wakamwonyesha maandishi ya kioo cha nyuma. Yanasemaje? Akasema hajui. Unaandika kwenye gari lako kitu usichokijua? Akasema ndiyo. Yule mama alisema kila jibu la kaka lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimzamisha zaidi. Wao watatu waliruhusiwa kuondoka, kaka akabakizwa. Mkubwa alikuwa amesema fundi aliyelishusha gari aende mwenyewe akaeleze, huenda yakaisha.

Mama yetu alinitazama, lakini si kwa kunishuku. Alijua tu kwamba tulilitengeneza gari gereji. Nani alikata nini, hakuwahi kuuliza, gereji ilikuwa na mafundi wengi na kwake vyuma vyote vilikuwa vyuma. Aliniambia nimtafute huyo fundi nimpeleke. Nikasema sawa.

Nilikwenda peke yangu. Njia nzima nilijifunza maneno: mimi ndiye fundi, shefu, springi nilizikata mimi, nitakuonyesha, nipe jeki. Yalikuwa maneno machache na niliyajua vizuri. Nilipofika nililikuta gari pembeni bila milango. Kaka alikuwa ameketi chini, bila shati, bila viatu, jicho moja limefungana. Mkubwa alikuwa kijana kuliko mimi na aliongea Kiswahili cha mjini.

"We ni nani yake?"

"Mi ni mudogo yake, shefu."

"Unafanya kazi gani?"

Nilikuwa na grisi kwenye kucha, haitoki hata kwa sabuni. Nilitia mikono mfukoni, nikaogopa watafikiri nina kitu, nikaitoa. Nilianza kufikiria magari yote niliyowahi kuyanyanyua, ya Gatumba, ya watu nisiowajua, na nani ajuaye yalibeba nini chini ya ile sukari. Nikisema mimi ni fundi wa springi, maswali hayataishia kwenye gari hili. Niliogopa. Sina neno jingine la kupendeza zaidi.

"Niko nauzisha vitenge, shefu."

"Na hii gari, nani aliishusha?"

"Ni fundi mumoja. Alikimbiaka Uvira."

Mkubwa akamgeukia kaka. "Ni kweli?"

Kaka hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, kwa muda, kama anayehesabu vidole. Alikuwa na neno moja tu la kusema na angekuwa mtu huru, au angalau tungekuwa wawili. "Ni kweli, shefu," alisema. "Alikimbiaka."

"Basi tutamungojea," mkubwa akasema. "We rudia kwenu."

Nikarudi. Sikukimbia, nilitembea kwa adabu, hadi nilipopita kona. Mama aliponiuliza, nilimwambia lile lile: fundi amekimbilia Uvira, ng'ambo ya Kongo. Kesho yake nilirudi na chakula alichopika mama na bariyeri haikuwapo. Palikuwa na doa la oili na vipande vya sponji ya viti. Nilizunguka ofisi zote ambazo mtu anaweza kuzunguka. Kila mahali waliniuliza jina la waliomchukua, nami sikuwa nalo. Tangu siku ile hatujamwona, wala kaburi lake hatujaonyeshwa, wala hajatokea mtu aliyesema alikutana naye mahali.

Gereji niliiacha mwezi ule ule. Nilianza kweli kuuza vitenge, na kucha zangu zikasafika baada ya mwaka. Jirani alinunua mchezo mwingine, wa mpira, sikwenda kuutazama.

Vita viliisha, au vilisemwa vimeisha, na watu wakaanza kurudi kutoka Uvira. Mama aliwaendea mmoja mmoja, kwenye nyumba zao, akiwauliza kama huko walimwona fundi wa magari, mtu wa Buyenzi. Askari hakuwaona kwa macho, na hakuna mwenye nguvu ya kuchukia watu asiowajua sura miaka yote hiyo. Aliyemkaa rohoni ni yule fundi aliyeharibu gari la mwanawe kisha akamwachia apokee adhabu. Nilijaribu kumwambia mara moja, mwaka aliougua. Nilisema, "Mama, yule fundi..." naye akanishika mkono kwa nguvu, akaniambia nisimtetee.

Sasa ni mzee na haoni vizuri. Kila Ijumaa baada ya sala huketi mkekani akainua mikono, akamwomba Mungu amrudishe mwanawe, kisha humwapiza fundi yule: asipate raha, asipate mtoto wa kumzika, asilale. Hupenda mtu amwitikie, na mtoto aliyebaki ni mimi. Naketi kando yake, nainua mikono, na akimaliza nasema amina.