Nilivyokataa kumpa katibu kuku ili anisukumie jiwe kwa nguvu

Wakuu, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa, maana humu wengi ni wajukuu zangu.

Hii siyo chai. Natype kwa kidole kimoja na elimu yangu ni ya kisomo cha watu wazima, mnivumilie.

Wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamishiwa upande wa Ilongero, huku Singida. Kaya kibao, bomba la maji moja. Moja.

Saa ya ofisini ilikufa, basi katibu wa kijiji akaja na akili yake kubwa. Akaning'iniza jiwe kwa kamba kwenye boriti ya kibanda cha bomba. Zamu yako ni jiwe kwenda na kurudi mara mia. Ikifika mia, toa ndoo.

Hapo ujinga ukaanza.

Mtu akasema jiwe likisukumwa kwa nguvu linakwenda mbali, kwa hiyo linachelewa kurudi, kwa hiyo zamu inarefuka. Kijiji kizima kikaamini. Watu wakawa wanampelekea katibu kuku awasukumie kwa nguvu.

Na nasema kuku wa Singida, siyo hao wenu wa wiki sita wenye nyama kama pamba. Katibu akanenepa mpaka shingo.

Mimi sikutoa. Jiwe langu alikuwa analigusa tu, kama anaamsha mgonjwa.

Sasa mke wangu alikuwa na siku nne tangu ajifungue, na tumebaki na tetea mmoja wa supu ya mzazi. Akaniambia, "Baba Neema, mpelekee tu. Mimi nitakunywa uji. Nguo za mtoto tutafulia nini?"

Nikamfunga kuku miguu, nikaenda kupanga foleni.

Mbele yangu Mama Salome, mtoa kuku watatu. Jiwe lake nusura ligonge ukuta. Akajaza ndoo nne. Akafuata mzee hana kitu, jiwe likaguswa tu. Ndoo nne.

Nikasema hebu.

Katibu akaenda kula (kuku, bila shaka). Nikafunga jiwe la pili kando ya lile, kamba urefu uleule. Moja nikalitupa kwa nguvu, jingine nikaligusa.

Lile likawa linapita mbio, hili linajivuta, lakini yanarudi pamoja. Tukahesabu mpaka mia, pamoja. Hata yalipochoka na mwendo ukafupika, muda wa kwenda na kurudi haukubadilika. Wasomi mnaita period sijui.

Kinachobadilisha muda ni urefu wa kamba, na huo hakuna aliyeutolea kuku.

Mama Salome akaniangalia. "Kwa hiyo kuku wangu watatu wameliwa bure?"

"Bure, mama."

"Jiwe lako jepesi, ndiyo maana."

Nikafunga zito. Yakarudi pamoja vilevile.

"Wewe ni bahili tu," akasema. "Usitufundishe kuteka maji." Na foleni nzima ikacheka, ikinicheka mimi.

Kesho yake alimpelekea katibu wawili.

Mimi nilirudi na ndoo zangu nne, nikachinja. Mke wangu akanywa supu mpaka jasho likamtoka.

Nilichojifunza, mtu akishatoa kuku watatu, macho yake nayo ameyatoa. Ukimwonyesha kweli anaona unamwibia.

Haya, nanyi semeni, huko kwenu mnampa nani kuku ili asukume jiwe? Wa matusi pia karibuni, nimeshazoea tangu bombani.