Kitambaa cha Somoe

Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Masoko.

Jioni tunasoma useremala, akina mama sita, na mwalimu alisema kazi safi kuliko zote itatundikwa kwenye msikiti mpya wa kule Pande. Mimi nilishajihesabia kuwa ni yangu. Lakini nikikata nakshi kwa ile mashine ya msumeno mwembamba, kingo za mbao zinaungua, nyeusi kama ukoko wa wali. Za Somoe zinatoka safi. Wivu ulinikaba, sifichi.

Nikaanza kumchunguza. Kila akitaka kukata, anatoa kitu kwenye kitambaa, anakisugua kwenye msumeno, na midomo inamcheza. Nikasema moyoni, huyu kaenda kwa mganga.

Jana alipotoka kutia udhu, nikakibeba kile kitambaa kwa koleo la mkaa, nisikiguse kwa mkono, huku nasoma Ayatul Kursiy. Nikampelekea mwalimu mbele ya wote.

"Mwalimu, siri ya Somoe ndiyo hii."

Akafungua. Kipande cha mshumaa.

"Mama Zuhura," akasema taratibu, "nta inafanya msumeno uteleze, mbao haiungui. Niliwafundisha wote juzi. Wewe ulikuwa umekaa unamkodolea macho Somoe."

Somoe alishafika mlangoni, maji ya udhu yanamdondoka.

"Na midomo je?" nikamuuliza, bado najitetea.

"Nasema bismillahi, dada. Kwani wewe unaanza na nini?"